Jirani Aliyesikiliza Tunavyotafuna

Ukila mbele yake, ulijua unatazamwa. Si kwa tamaa, maana chakula alikuwa nacho, na mara nyingi kitamu kuliko chako. Alikuwa akitazama taya. Tonge likiingia mdomoni, macho yake yaliteremka mpaka pale chini ya sikio, yakatulia hapo hadi umeze, kisha yakahamia kwa mwenzio. Sisi watoto tulijifunza kula haraka alipokuwepo, na wengine waliacha kula kabisa. Hilo lilikuwa kosa kubwa zaidi, kwa sababu mtoto asiyekula ndiye hasa aliyekuwa akimtafuta.

Jina lake nalijua, na wakubwa walimwita kwa jina hilo, lakini kwetu aliitwa Jirani, kana kwamba jengo zima pale Ruwi, nyuma ya kituo cha mabasi, halikuwa na jirani mwingine. Yeye alikaa ghorofa ya pili, sisi ya tatu. Lifti ilikuwa na desturi ya kufa kila joto lilipozidi, na Maskati joto huzidi karibu mwaka mzima, kwa hiyo wote tulipanda ngazi, na ngazi zilipita mlangoni pake. Alikuwa Mzanzibari hasa. Alitia ndimu kwenye kila kitu, hakukubali kwamba nje ya Unguja kuna pilau, na Kiarabu chake alikisema kwa lafudhi ya Kiswahili mpaka muuza duka wa chini, Mhindi wa watu, akawa anamjibu kwa Kiswahili.

Wakati wa chakula cha mchana, ukifungua mlango ghafla, uliweza kumkuta amesimama ngazini. Hakuwa anapanda wala kushuka. Amejitanda mtandio wake, kichwa amekiinamisha kidogo, mkono mmoja ukutani. Milango yote imefungwa kwa ajili ya viyoyozi, na yeye amesimama katikati ya milango hiyo kwenye joto, ametulia tuli. Mara ya kwanza nilipomkuta hivyo nilikuwa nimetumwa dukani, na nusura niangushe chupa.

"Unafanya nini, Bibi?" nilimuuliza.

"Nnawasikiliza mnavyokula," alijibu bila haya yoyote. "Nyumba yenye watoto wazima ina kelele za vijiko. Kijiko kimoja kikinyamaza, mie nnasikia."

Nilimwogopa. Nasema hivi nikijua kwamba nilimpenda pia, kwa vileja vyake na kwa jinsi alivyotutania wasichana kuhusu nywele zetu, lakini mapenzi hayo hayakuondoa woga. Hata leo nikiwa nimekaa na watu mezani na mmoja akaweka kijiko chini, huwa nageuka kuutazama mlango.

Alichokuwa akikisikiliza kilikuwa kitu kimoja tu: matubwitubwi. Yeye aliyaita perema, kama walivyoyaita kwao. Homa nyingine hazikumshughulisha. Tetekuwanga alisema ni ugonjwa wa wazi, unajitangaza wenyewe, na surua vilevile. "Perema ni mwizi," alisema. "Anaingia, anakaa na nyinyi, anakula na nyinyi, na siku mnayomwona usoni pa mtoto keshamaliza kugawa. Kazi ni kumjua kabla ya uvimbe. Uvimbe ukishainua ndewe ya sikio, hapo hata kipofu ataona."

Dalili za kabla ya uvimbe alizirudia mara nyingi hata sisi watoto tulizikariri. Mtoto anachoka bila kucheza. Kichwa kinamuuma, joto limepanda kidogo tu, na chakula anakisukumasukuma. Akitafuna, anatafuna upande mmoja. Ukimwita anageuka na mabega yote badala ya shingo. Na ukimuuliza anaumwa wapi, anasema sikio, na mama mtu anasema ni upepo wa kiyoyozi.

Akishamtilia mtoto shaka, alikuja na kibakuli. Kilikuwa kibakuli cha udongo cha buluu kilichomenyeka ukingo, na ndani yake mlikuwa na achari ya ndimu aliyoitengeneza mwenyewe, kali ya kutoa machozi. Aliketi chini, akamwita mtoto kwa sauti ya chini, akamtia kipande mdomoni. "Usimeze. Tafuna." Mtoto mzima alikunja uso, akacheka, akaomba tena. Mgonjwa hakufika kukunja uso. Mkono wake ulikuwa umeshakimbilia sikioni, na kila mtu chumbani alijua maana yake. Kisha Jirani aliweka viganja vyake chini ya masikio ya mtoto, akafumba macho. Viganja hivyo vilikuwa baridi. Sijui vilipataje kuwa baridi Ruwi.

Hakuwa mganga, na aliyemwita mganga alioga matusi. Aliagiza hospitali kwanza. Kisha mtoto apewe bilauri yake peke yake, alale chumba chake ikiwa kipo, anywe maji kwa wingi, alishwe uji na vitu laini, na ndimu zifichwe. "Akitapika, au kichwa kikimzidi, au akisema sikio linavuma, msinisubiri mie wala Mtume. Pakieni gari, nendeni." Baada ya maneno hayo yote ya akili, alichukua masizi ya sufuria, akayachanganya na siki, akampaka mtoto mataya yote mawili.

Mama yangu, ambaye alisoma na hakupenda mambo hayo, alimuuliza siku moja masizi yanasaidia nini.

"Hayasaidii kitu," alisema Jirani. "Lakini nani atambusu mtoto mwenye masizi?"

Mwaka ambao matubwitubwi yaliingia kwenye jengo letu, sindano ya kuyakinga ilikuwa bado haijawafikia watoto wote wa rika letu. Kila dirisha lilikuwa na mtoto mwenye mataya meusi, ametulia, anatazama barabara. Mabasi yalipita, abiria walituinulia macho, na hakuna mtoto aliyepunga mkono. Kwa mbali tulionekana kama watu ambao nusu ya chini ya nyuso zao imekatwa. Nakumbuka hata wauza chai ya karak wa chini walihamisha meza yao kidogo, ikawa haitazamani tena na madirisha yetu.

Wala msidhani alipatia kila mara. Alikuja mgeni kutoka Nizwa, mjomba wa watu wa ghorofa ya nne, na Jirani akamwona anatafunia upande mmoja. Alimfungia chumbani, akampa bilauri yake, akampigia marufuku kwenda harusi aliyoijia. Kumbe jino. Mjomba alipong'olewa akaja kumwonyesha, limefungwa kwenye karatasi, naye akalitazama, akasema, "Jino nalo lina mwanzo wake," na hakuomba radhi. Kwenye karata aliiba waziwazi, na ukimshika aliapa kwa jina la Mungu kwamba macho yako mabovu. Alisema ushirikina ni ujinga, lakini paka mweusi akikatiza ngazini alirudi ndani, akavua viatu, akatoka upya. Aliyatafuta maradhi kwenye nyumba za watu wote, na yeye mwenyewe hakukanyaga hospitali hata kwa presha.

Sasa nifike kwenye mikono yake, kwani huko ndiko jambo letu liliko.

Jirani alikuwa muosha maiti. Wanawake na watoto wadogo wa watu wetu waliofariki Ruwi na vitongoji vyake, wengi walipita mikononi mwake. Alifuatwa kwa gari, akatoka na mkoba wake wa kitambaa wenye karafuu maiti, pamba na sabuni, akarudi baadaye amejifunga mtandio upya na haongei na mtu mpaka aoge. Alifanya kwa thawabu, na watu walimheshimu kwa hilo. Lakini heshima ni kitu kimoja, na kumwona mtu huyohuyo ameshika taya la mwanao ni kitu kingine. Jambo la kwanza afanyiwalo maiti ni kufumbwa macho na kufungwa kidevu kwa kitambaa, mdomo usiachame. Kila mama pale jengoni alilijua hilo. Viganja vile vilivyotafuta perema chini ya masikio ya watoto ndivyo vilivyofunga videvu vya bibi zetu.

Yeye mwenyewe alilijua. Alipokuta mama amemfunga mtoto mgonjwa kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, kama ilivyokuwa mazoea kwa kuzuia maumivu, alikifungua kwa hasira. "Usimfunge mtoto kidevu. Kidevu hufungwa cha aliyekwisha maneno." Alidhani anawafariji. Wanawake walipokutana kwenye kibaraza cha kuanikia nguo walizidi kunong'ona. Ikasemwa kwamba haji panapo ugonjwa, bali ugonjwa unakuja anapokuja. Ikahesabiwa nyumba aliyopiga hodi, na nyumba ambayo mtoto alivimba siku iliyofuata. Hesabu ilikubali, bila shaka. Alipiga hodi kwenye nyumba ambazo ugonjwa ulikuwa umeshaingia, kwa hiyo ingekataaje?

Kwa nini alihangaika hivyo, nilikuja kujua nikiwa namenya vitunguu thomu jikoni. Alikuwa akimhadithia Mama, na wote wawili walinisahau. Zamani, Unguja, alisomesha darasa la kwanza. Palikuwa na mtoto mmoja wa kike, mchangamfu, akaugua, akarudi darasani kimya. Alimwita jina, haitiki. Akamwita tena. Siku ya pili alimchapa kwa utovu wa adabu, na siku ya tatu pia. Mtoto hakulia kwa sauti, alimtazama tu mdomo. Baadaye ndipo bibi wa mtoto alipokuja kueleza kwamba perema lilimwacha hasikii.

"Nilimchapa kwa kutonisikia," alimwambia Mama. "Na kabla hajaugua alikuwa mbele yangu kutwa, anashika sikio, na mie nikimwambia kaa vizuri. Nilichelewa kwa mtoto yule. Sichelewi tena, bibie. Hata mkinichukia."

Mama alimshika mkono. Walikuwa wanapendana, msije mkadhani vingine.

Siku yenyewe, mwaka huohuo wa perema, ilikuwa ya katikati ya wiki, mchana. Mdogo wangu Khalfan alikuwa bado hajaanza shule. Tangu asubuhi alilala kwenye zulia, na mpira wake mguuni, hauchezi. Mama alipika wali na mchuzi wa papa, na embe mbichi ya chumvi pembeni, kitu alichokipenda Khalfan kuliko peremende. Alitia kipande mdomoni, akakitoa. "Sikio linaniuma," alisema. Mama akanyanyuka, akapunguza kiyoyozi.

Mimi nilimtazama Mama, na Mama akajifanya hanioni. Dalili alizijua kama nilivyozijua. Lakini asubuhi hiyohiyo tulikuwa tumemwona Jirani akishuka kwenye gari na mkoba wake wa kitambaa. Alikuwa ametoka kumwosha mtoto, binti wa watu wa Wadi Kabir, na habari ilishapanda ngazi kabla yake. Mama hakuwa mwanamke wa kuamini minong'ono ya kibarazani. Siku hiyo aliiamini, kwa sababu aliyekuwa kwenye zulia alikuwa wake.

Kijiko cha Khalfan kilikuwa chini. Tukasikia ndara zikipanda ngazi, polepole, zikasimama nje ya mlango wetu.

"Hodi."

Mama aliweka kidole mdomoni, akatutazama sote wawili.

Kwetu hodi ni tatu. Ukiitikiwa unaingia. Ukinyamaziwa mara ya tatu unarudi ulikotoka, na huna haki ya kununa wala kugonga tena, maana mwenye nyumba naye ana siri zake. Ndivyo tulivyolelewa, yeye na sisi. Jirani, mjeuri kama alivyokuwa, aliyeiba karata na kuwafungia wajomba wa watu, kwenye jambo hilo hakuwa na ujeuri hata kidogo.

"Hodi jamani."

Nilikuwa naziona ndara zake kwenye uwazi wa chini ya mlango, na kivuli cha pindo la nguo yake. Hazikutikisika. Nilijua amesimama vilevile kama siku ile ya chupa, kichwa ameinamisha, anatusikiliza. Alikuwa anasikia wanne tunavyopumua, alisema Mama baadaye, ingawa tulikuwa watatu. Sijawahi kumuuliza wa nne alimaanisha nani.

"Hodi." Ya tatu aliivuta, akaisema kwa sauti ndogo kama anayemwita mtoto.

Mama alifumba macho. Ndara zikakaa kidogo, zikageuka, zikashuka. Tulipofungua mlango jioni, Baba aliporudi kutoka ghalani kwake, mtaa wa Ghala, kibakuli cha buluu kilikuwa kimewekwa kizingitini, kimefunikwa sahani. Mama alikimwaga chooni, akakiosha kwa maji ya moto, akamtuma Baba akirudishe.

Khalfan alivimba upande wa kushoto, kisha wa kulia. Homa ilipanda, akatapika, akasema kuna mdudu anaimba sikioni mwake. Mama alidhani anaweweseka. Mpaka wanampeleka hospitali, mdudu alikuwa ameacha kuimba, na sikio la kushoto halikusikia tena kitu chochote. Daktari alikuwa mtu mwema. Alimwambia Mama kwamba hakuna dawa ya kuuzuia ugonjwa huo usifike sikioni, na kwamba hata wangewahi huenda ingekuwa vilevile. Hakuna anayejua, alisema. Baba alilishika neno hilo, likamtuliza. Mama lilimchoma, kwa sababu mtu aliyeambiwa hakuna anayejua hawezi hata kujihukumu akamaliza.

Jirani alikuja kujua, kama alivyojua kila kitu. Hakutulaumu. Alimletea Khalfan vileja kwa mkono wangu, alitusalimu ngazini, aliuliza hali, alitania nywele zangu. Lakini hodi mlangoni kwetu hakupiga tena. Miaka yote iliyobaki tuliyokaa pale, watu wa nyumba nyingine walimfungulia, wengine kwa kununa, na mlango wetu aliupita. Wakati wa chakula, Mama alikuwa akinyamazisha kila mtu mezani, akasikiliza. Nilidhani anasikiliza vijiko vyetu. Alikuwa anasikiliza ndara.

Tulihama, yeye akazeeka, mpwa wake akamchukua kwao, kijiji cha Qantab. Kila sikukuu Mama alisema tutakwenda kumwona, na kila sikukuu alipata mafua, au mgeni, au gari likawa bovu. Hatimaye mwaka jana Khalfan alisema basi. Sasa ni mwanamume mwenye ndevu, ana gereji Ghala, na injini anazipima kwa kuwekea kiganja. "Yalla, Mama, panda gari," alisema, akatupeleka.

Barabara ya Qantab hushuka kwenye miamba kwa kona kali, na Mama alishika mlango wa gari njia nzima. Mpwa alitupokea vizuri, akatukalisha, akaleta kahawa na halwa. Jirani hakuwepo sebuleni. "Msishangae," mpwa alisema. "Akili imemwacha. Kutwa anazunguka mlango kwa mlango humu ndani, anapiga hodi. Mwanzo tulikuwa tunamwitikia, sasa, wallahi, tumechoka. Usipomwitikia ya tatu, anarudi kitandani, anageukia ukuta, na siku hiyo chakula hali."

Mama aliweka kikombe chini.

Tukazisikia ndara kwenye ukumbi. Zilikuja polepole kuliko zamani, zinaburuzwa, zikasimama nyuma ya mlango uliorudishwa. Chini ya mlango niliona kivuli cha pindo la nguo. Nywele za mikono yangu zilisimama, na mimi ni mtu mzima, nina watoto.

"Hodi."

"Ndio hivyo," mpwa alinong'ona, akammiminia Khalfan kahawa nyingine.

"Hodi jamani."

Mkono wa Mama ulikuwa umepanda wenyewe mpaka mdomoni, kidole kimenyooka. Nadhani hakujua. Aliukuta hapo, akautazama, akaushusha kwa mkono wa pili kama anayeshusha kitu cha mtu mwingine. Nyuma ya mlango mtu alivuta pumzi.

"Karibu!" Mama alipiga kelele. Hakungoja ya tatu. "Karibu, Jirani! Karibu, ingia, mlango uko wazi, ingia ndani!"

Mlango ulisukumwa. Alikuwa mdogo sana, mtandio umemzidi, na mikononi hakuwa na kibakuli ingawa alivikunja viganja kama anakishika. Alimpita Mama. Alinipita mimi. Alimwendea Khalfan pale chini alipoketi na kipande cha halwa mdomoni, akapiga magoti kwa shida, akaweka viganja vyake ndani ya ndevu, chini ya masikio, akafumba macho.

"Tafuna," alimwambia.

Khalfan alitafuna.

"Bado," alisema Jirani, amemwinamia upande wa kushoto, na uso wake ulifunguka kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwake. "Halijavimba. Mwambie mama yako asiogope. Nimewahi."

Alikuwa amesema kwenye sikio lisilosikia. Khalfan alinitazama, kama afanyavyo siku zote, nimrudishie maneno. Kabla sijafungua kinywa, Mama alikuwa ameshapiga magoti kando yao.

"Umewahi, Jirani," alisema. "Umewahi."